Talaka, matunzo na mgawanyo wa mali kwa familia ya mkulima wa tumbaku Tabora

Anza na karatasi. Mahakama hugawa kilichothibitishwa, na katika kaya inayolima tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge mara nyingi kila kitu kimeandikwa jina moja: uanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), akaunti inayopokea malipo ya msimu, kadi ya pikipiki, mkataba wa kununulia kiwanja. Aliyechuma majani, akayafunga kwenye fito na kukesha akichochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, haonekani popote humo.

Kwa hiyo, kabla hujatangaza kwamba unadai talaka, piga picha nyaraka hizi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mikataba ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo, stakabadhi za bati na saruji, karatasi za mauzo ya tumbaku na za mkopo wa pembejeo, taarifa za benki na za pesa za simu. Nakala ziweke kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Kisha andika kwenye daftari kila mali: ilipatikana mwaka gani, kwa bei gani, fedha zilitoka wapi, nani alishuhudia. Ng'ombe wahesabiwe na waelezwe kwa rangi na alama, maana ng'ombe huhamishwa usiku mmoja wakaitwa wa kaka.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, huwezi kufungua shauri la talaka bila kibali cha mahakama, nacho hutolewa kwa mtu anayeonyesha mateso yasiyo ya kawaida.

Jambo la pili ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha. Baraza linaweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini lililotambuliwa kisheria, na mamlaka yake hutegemea makazi ya wanandoa. Mke aliyekwisha kurudi kwao Nzega huku mume yuko Urambo aulize kwanza shauri lipelekwe wapi. Baraza linapaswa kumwita mwenzako, kuwasikiliza wote wawili na mashahidi, kisha kutoa hati, ambayo ni Fomu namba 3.

Hati hiyo huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, baraza linaandika barua ya "tumewatenganisha" au linagawa nyumba na mashamba. Halina uwezo huo. Kazi yake ni kusuluhisha na, likishindwa, kusema hivyo waziwazi. Ya pili, barua inasainiwa na mtendaji wa kata peke yake kana kwamba baraza halikukaa. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2, na majina yao yanapaswa kuonekana. Ya tatu ni muda: hati inayoambatishwa haipaswi kuwa imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa. Mtu anachukua hati mwezi Machi, anasubiri soko la tumbaku limalizike apate nauli na ada, anafika mahakamani Oktoba. Hati imekwisha kufa. Ubaya wa kasoro hizi ni kwamba zinaweza kuibuliwa hata kwenye rufaa, na hukumu yote ikafutwa baada ya miaka ya kusafiri.

Kuna hali ambazo sheria haikulazimishi kupita barazani. Miongoni mwake ni mwenzako kukutelekeza na kutojulikana aliko, kukataa kwa makusudi kuitikia wito wa baraza, kufungwa jela miaka 5 au zaidi, au mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Usijiamulie mwenyewe kwamba yako ni mojawapo. Ieleze sababu hiyo ndani ya hati ya madai na uwe na ushahidi wake. Anayepigwa aende polisi, kwenye dawati la jinsia, achukue PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kabla ya kutibiwa. Ile fomu ikijazwa na daktari ni ushahidi wa ukatili utakaohitajika baadaye.

Kwa Waislamu: mume akikuandikia talaka hata tatu, ile karatasi peke yake haigawi mali wala haiamui matunzo. Mnapita barazani, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo kitendo kinachovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu hupelekwa mahakamani ili itoe amri ya talaka. Mwanamke aliyekubali karatasi na kuondoka na sanduku la nguo bado ana haki ya kudai.

Shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa wengi wa vijijini ya Mwanzo ni karibu na huendeshwa kwa Kiswahili. Madai yako yaeleze ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto na umri wao, mnaishi wapi, kama kuna shauri lingine lililowahi kufunguliwa, makosa ya ndoa yaliyotendeka, na kila unachoomba: talaka, mali, matunzo, watoto. Hoja ya msingi ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi wake unaweza kuwa uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi angalau miaka 3, au kutengana kwa hiari kwa muda kama huo. Sema matukio na tarehe. "Ananinyanyasa" bila tukio haimsaidii hakimu.

Sasa mali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, halafu ielekee kwenye usawa. Nusu kwa nusu haitolewi kwa sababu tu mlioana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wengi husimulia mpaka hapo tu. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba, kwa kuwa ilionekana alikwisha kupewa fedha za mradi wa familia akazitumia ovyo. Kanuni ilikubalika, ushahidi ukaamua.

Kwa hiyo leta mashahidi wa kazi: kibarua mliyepalilia naye, jirani aliyekuona kwenye kitalu cha miche, mliyegredi naye majani, yaani kuyapanga kwa madaraja. Kwenye ndoa ya wake wengi sema ni shamba gani ulilolihudumia wewe, misimu mingapi, maana mke mwenzako naye ana mchango wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtambua mwanandoa aliyeendeleza kwa nguvu zake ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake.

Shamba ambalo mume alirithi kabla ya ndoa si mali ya kuchuma pamoja. Lakini mkijenga juu yake nyumba ya tofali za kuchoma na mabani mawili kwa jasho la wote, uendelezaji huo unaingia kwenye mgawanyo. Dai uendelezaji, usidai ardhi ya ukoo. Ukidai vyote, ndugu wataingia kwenye shauri na utapoteza mwaka mzima.

Deni la pembejeo lisisahaulike. Mauzo yakiwa shilingi 9,000,000 na deni la mbolea na viuatilifu 3,500,000, kinachozungumzwa ni 5,500,000. Mume akisema AMCOS imekata zaidi, omba mahakama iagize chama kilete hesabu. Mkopo aliouchukua kimyakimya kwa mambo yake binafsi si mzigo wako, ila uonyeshe fedha haikufika nyumbani.

Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukisikia mnunuzi anazungushwa, peleka barua kwa serikali ya kijiji siku hiyo hiyo, ubaki na nakala yenye muhuri, kisha omba zuio mahakamani. Ardhi yenye hati iliyosajiliwa iwekewe pingamizi kwa msajili.

Matunzo ya mke yanaweza kuombwa wakati shauri likiendelea, usisubiri hukumu. Baada ya talaka mahakama huyaamuru kwa sababu maalumu tu, ikipima kipato, mahitaji na nani alisababisha ndoa kuvunjika, na hukoma mpokeaji akiolewa tena. Matunzo ya watoto ni dai lingine kabisa, liandike peke yake. Peleka orodha ya gharama halisi: ada, sare, debe za mahindi kwa mwezi, matibabu. Mtoto chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa afaa kukaa na mama, ila hilo hupingwa kwa ushahidi, kwani kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto.

Kabla hukumu haijaandikwa, hakikisha kila mali uliyoitaja inatambulika: kitongoji, mipaka, vyumba vingapi, namba ya pikipiki, ng'ombe wangapi. Hukumu inayosema "mke apewe shamba moja" haikaziki, kwa sababu dalali wa mahakama hajui aende shamba lipi. Omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka siku ile ile inaposomwa, maana muda wa rufaa unakimbia. Mwenzako asipotekeleza, rudi mahakama hiyo hiyo uombe kukazia hukumu.