Ukienda kusikiliza taarab, kaa karibu na ganuni
Anayekipenda kikundi cha taarab asilia kwa kukisikia redioni tu, kiwe Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905 au Culture Musical Club cha mwaka 1958, namsihi akakisikilize ana kwa ana hapa Unguja, na afike mapema ili apate kiti cha mbele upande wa ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Redioni muziki mara nyingi hufupishwa, lakini jukwaani mpigaji mmoja huachiwa nafasi ya taksimu, naye hubuni papo hapo, akipanda na kushuka ndani ya makamu moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti za muziki, huku wenzake wakimngoja, mpaka fidla zote zimwitikie kwa pamoja. Ukiwa karibu utaziona pete mbili katika vidole vya shahada vya mpigaji ganuni, kila moja imebana kipande chembamba cha kupigia, zikipita juu ya nyuzi zaidi ya 70, na mkono wa kushoto ukiruka kugeuza vijiti vidogo vya chuma vinavyobadili sauti. Kwangu mimi, hapo ni patamu kuliko ubeti wowote.

Chukua noti ndogo ndogo za kumtuza mwimbaji, kwa sababu kumwendea taratibu, ukicheza kwa mabega, ni sehemu ya taarab yenyewe. Ila usinyanyuke wakati wa taksimu, kwani utawaziba walio nyuma yako. Mwezi wa Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe hujaa watu, basi tangulia mapema zaidi.