Namna ya Kuondoa Harufu Mbaya Katika Fleti Mnayopanga kwa Kushirikiana

Watu wanapopanga fleti moja na kuchangiana kodi, harufu mbaya hupata mshtakiwa kabla haijapata chanzo. Katika fleti tuliyopanga watatu huko Sinza, Dar es Salaam, tulimshuku kwa takriban wiki mbili mwenzetu mmoja aliyependa kukaanga dagaa wa Mwanza, naye kwa unyonge akaacha kuwapika. Harufu ikabaki palepale. Ilitoka katika bafu la pili, ambalo tuligeuza stoo ya ndoo na masanduku tangu siku tuliyohamia.

Kwa hiyo anza kwa kuitafuta harufu yenyewe, na usipulize manukato wala kufukiza udi kabla ya kuipata, kwa kuwa utakuwa umeipoteza njia. Pua iliyoshinda ndani huzoea. Toka nje kwa robo saa, kisha urudi, na kabla ya kuwasha feni au kufungua madirisha upite chumba hadi chumba ukiinamia kila tundu la maji, pipa la taka na nyuma ya friji.

Chini ya kila sinki na kila tundu la maji la sakafuni huwa kuna sehemu ya bomba iliyopinda, ambayo hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizuizi kinachoizuia hewa ya chemba isipande ndani. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa katika joto la Dar es Salaam, maji hayo hukauka na harufu ya yai viza huingia bila kipingamizi. Mimina lita moja au mbili za maji, kisha ongeza vijiko viwili au vitatu vya mafuta ya kupikia, ambayo huelea juu na kuyachelewesha maji yasikauke tena. Sisi tulifanya hivyo jioni, na asubuhi harufu haikuwapo. Dagaa walirudi mezani, nasi wawili tukala tumeinamisha vichwa. Ikiwa maji yanatoweka tena baada ya siku moja, au sinki linakoroma maji yanaposhuka, usiendelee kununua dawa za dukani, kwa sababu huenda bomba la hewa limeziba au chemba imejaa, na hiyo ni kazi ya fundi bomba kwa gharama ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, wapika samaki nao wana wajibu wao. Kinachonuka katika samaki hupunguzwa nguvu na uchachu, ndiyo maana ndimu hufanya kazi ambayo sabuni pekee haiiwezi; futa meko na vigae vya ukutani kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa mara baada ya kukaanga, kabla mafuta hayajagandamana. Vichwa na matumbo ya samaki yasilale katika pipa la jikoni: yafungwe vizuri katika mfuko na, ikiwa gari la taka halipiti hadi siku ya tatu, yawekwe katika friza hadi siku hiyo.

Dekio ndilo husahaulika kuliko vyote. Likiachwa limelowa ndani ya ndoo, huvunda, na kila anayedeki hueneza uvundo nyumba nzima akidhani anasafisha. Lisuuzwe, likamuliwe na lianikwe juani. Mkitumia dawa ya klorini, msiichanganye kamwe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Harufu ikiwa kweli inatoka kwa mtu, kwa mfano viatu vyake vilivyoachwa sebuleni, mwambie mkiwa wawili tu, wala si katika kundi la WhatsApp la nyumba, na uzungumzie kitu badala ya mwenyewe: “Samahani ndugu yangu, viatu hivi naona vilinyeshewa juzi, tuvitoe barazani vipate jua.” Maneno hayo hayamwachii aibu ya kubeba hadi kazini.

Ipo harufu moja ambayo haisubiri mazungumzo. Gesi ya kupikia ya mtungi kwa asili haina harufu. Harufu hutiwa makusudi ili gesi ivujapo ijulikane, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama karibu na sakafu. Ukiisikia, funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote ya umeme hata ya kuzima taa, kisha uwaamshe waliolala mtoke nje wote.