Mgongo wa motari: jinsi ya kuurudisha kazini bila kulala wiki nzima

“Docta, mugongo inaniuma.” Ndivyo motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anavyoanza akiingia kwangu hapa Goma, mkono kiunoni. Kabla sijamwuliza lolote ananitajia aliyojaribu: sindano za Diclo (dawa ya kutuliza maumivu), mshipi mpana wa kiunoni, siku nne kitandani. Mimi ni mtu wa kinezi, natibu viungo kwa mikono na mazoezi, na zile siku nne ndizo zinazonisikitisha zaidi. Misuli imelegea, uoga umeingia, na siku ya tano anapanda pikipiki akiwa dhaifu kuliko alivyoiacha.

Huu ndio mwongozo ninaowapa. Mama anayeshinda kwenye kigoda sokoni Birere anaweza kuufuata pia.

Hatua ya 1: Jichunguze kwanza

Nenda hospitali leo, usingoje kesho, ukiona mojawapo ya haya: ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kukushinda kuzuia, mkojo kugoma kutoka, mguu kuishiwa nguvu, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali. Na kama una homa, unatoka jasho usiku, unakonda au unakohoa kwa muda mrefu, sema hivyo kwa daktari. Kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo, na hakuna zoezi litakalokiondoa.

Wengi wenu hamna dalili hizo. Maumivu mapya ya kiuno, yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki 6.

Hatua ya 2: Jua mgongo unataka nini

Kati ya pingili na pingili kuna diski laini. Kwa mtu mzima diski hiyo karibu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kama sponji: ukiinama na kunyooka, inabanwa na kuachiwa, maji yanatoka na kuingia. Ukikaa saa tano bila kujigeuza, sponji imebanwa upande mmoja tu, na misuli inayoushika mgongo imekaza muda wote huo.

Ndiyo maana sikufundishi “kukaa wima.” Kaa unavyopenda, kisha badilisha. Mkao wowote ukidumu mno utauma, hata ule mzuri.

Kuhusu mshipi: Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno. Umependekeza mazoezi, na umeshauri mishipi ya kiuno isitumiwe kama tiba ya kawaida. Uvue taratibu.

Hatua ya 3: Rekebisha unavyoendesha

Barabara zetu za mawe ya volkano ni mtihani. Mtu aliyeketi, mgongo wake hutikisika vibaya zaidi pale mitikisiko inapofika kama 4 hadi 6 kwa sekunde. Miguu ndiyo springi yako bora. Ukiwa peke yako na njia ni mbaya, punguza mwendo, kanyaga vikanyagio, inua makalio kidogo, magoti yakunjwe. Ukiwa na mteja usisimame; hamishia tu uzito kidogo miguuni. Pima upepo wa magurudumu kila asubuhi.

Ukifika parkingi, shuka. Nawaona mkisubiri wateja mmelalia usukani nusu saa nzima! Shuka, weka viganja nyuma ya kiuno, jipinde nyuma polepole mara 5, zunguka pikipiki yako mara mbili. Ikiwa kujipinda nyuma kunafanya maumivu yateremke hadi mguuni, acha hilo, tembea tu.

Hatua ya 4: Mazoezi matatu, dakika 10 jioni

Tandika mkeka au kitenge.

Paka. Piga magoti, viganja chini. Pandisha mgongo juu kama paka aliyetishwa, kisha uache ushuke. Mara 10, bila haraka, ukipumua.

Daraja. Lala chali, magoti yakunjwe, nyayo chini. Kaza makalio, inua kiuno mpaka mapaja na kifua vilingane. Hesabu hadi 5, shuka. Mara 8, pumzika, rudia. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu makalio ya mtu anayeketi kutwa nzima husahau kazi, na kiuno kinabeba deni lake. Ukisikia msuli wa nyuma ya paja unakaza, sogeza visigino karibu na makalio.

Mkono na mguu. Rudi kwenye magoti. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu 5, badilisha. Mara 6 kila upande. Kiuno kisiyumbe, kikiyumba, nyoosha mguu peke yake kwanza.

Hatua ya 5: Pima maumivu

Yape maumivu alama, 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi, kupanda kidogo mpaka 3 au 4 kunakubalika, mradi kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yakiamka makali zaidi, punguza idadi kwa nusu. Usiache kabisa.

Hatua ya 6: Rudisha uzito

Tembea kila siku, hata dakika 15. Baada ya wiki mbili bila kurudi nyuma, chukua bido (dumu) la lita 20 lenye maji lita 5 tu. Lilete karibu na mwili, kunja magoti na nyonga, liinue mara 8. Kila wiki ongeza lita 2 au 3. Wakati unaongeza, gunia la mteja lisilozidi uzito wa bido lako la wiki hiyo liinue mwenyewe. Likizidi, mwite mwenzako wa parkingi mlishike wawili.