Ukifika Bordeaux usikimbie, fuata maji

Sisi watu wa Bukavu tukienda Ulaya kusalimia familia tunakimbia-kimbia tu, Paris siku mbili, Brussels siku moja, tunarudi na mapicha na miguu imevimba. Kama uko na wiki moja, panda TGV, treni ya kasi, kutoka Paris, masaa mawili na kidogo uko Bordeaux, kisha tulia palepale mtoni.

Mto ni Garonne. Rangi yake kama chai ya maziwa, ni tope tu si uchafu, na usishtuke ukiona asubuhi unashuka halafu mchana unarudi ulikotoka. Ziwa letu la Kivu halijai wala halipwi, ila kule bahari inasukuma maji ndani ya mto mara mbili kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kupanga kitu chochote angalia kwenye simu maji yanajaa saa ngapi. Siku zako zikiangukia bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa zaidi, sana sana Septemba na Oktoba, enda Saint-Pardon kwenye mto Dordogne uone mascaret, wimbi linapanda mto na vijana wako juu yake na mbao zao. Fika mapema bana, likipita limepita.

Mjini panda boti ya usafiri wa kawaida, tike ni ileile ya tramu. Ukitaka kijani, kodi velo (baiskeli) ufuate njia ya Roger Lapébie, zamani ilikuwa reli, inakupeleka taratibu mpaka Sauveterre-de-Guyenne.

Ukishuka kuelekea Gironde, pale Garonne na Dordogne zinapokutana kwenda baharini, utaona vibanda juu ya nguzo za miti na wavu wa mraba unaning'inia, vinaitwa carrelet. Mimi niliwaza wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, tofauti hawa hawatoki na taa usiku, wanashusha wavu, wanapiga stori, wanavuta. Wakipata kamba wadogo weupe wanawapika na anisi, tamu sana.

Canelé je? Kakeki kadogo ka rom na vanila, nje keusi karibu kuungua, ndani laini kama uji mzito. Ukiuziwa ka njano, hakakuiva hako.

Divai: piga simu château (shamba linalotengeneza divai) kabla, Jumapili wengi wanafunga. Kutema wakati wa kuonja si aibu, kandoo kako hapo (mama yangu angesema ni kuharibu mali).

Sauternes, kijiji cha divai tamu, uende vuli, asubuhi. Kamto Ciron kana maji ya baridi, kanaingia Garonne yenye joto, ukungu unapanda kwenye mizabibu, na ukungu huo ndio unaleta kuvu inayofanya divai yao kuwa tamu. Toka mapema, ukilala mpaka saa nne jua limeshaukula wote.