Prado ya zamani kwa njia za porini: kagua nini, funga nini, acha nini

Mwongozo huu unahusu Toyota Land Cruiser Prado za mwaka 1996 hadi 2002, hasa zile za dizeli zenye injini ya 1KZ-TE ya cc 2,982. Namba ya chesisi huanza na KZJ95 kwa milango mitano au KZJ90 kwa mitatu. Hilux Surf za miaka hiyo zina miguu ya mbele ya muundo huo huo, kwa hiyo mengi ya hapa yanazihusu pia.

Je, inafaa kuzitengeneza kwa ajili ya porini? Inafaa, kwa sharti moja: pesa ya kwanza iende kwenye uzima wa gari, ya pili kwenye matairi, ya tatu kwenye springi. Gari hili lilitoka kiwandani na chesisi ya ngazi, ekseli nzima nyuma, gia ya chini na difu ya kati inayofungwa (ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma), na hivyo vyote bado vipo. Kilichochoka ni chuma kilicholiwa na kutu, mfumo wa kupoza injini na kila kitu cha mpira. Ukianza na bampa la chuma, unaubebesha uzito mguu ambao tayari unaumwa.

Hatua ya 1: Chesisi

Osha gari chini kwa maji ya presha, liache likauke, kisha ingia na tochi, nyundo ndogo na bisibisi bapa. Gonga chesisi kila baada ya sentimita 10 ukianzia nyuma. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilicholiwa hutoa sauti butu na magamba hudondoka usoni. Kaza macho pale amu (mikono ya chuma) za chini za ekseli ya nyuma zinapofungwa, pale chesisi inapopanda juu ya ekseli, na kwenye vikalio vya bodi. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yaliyokaa Tanga, Dar au Mombasa karibu na bahari hupata chumvi ya upepo. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi kwenye gari linalouzwa ni sababu ya kuikwaruza na kuangalia kilichofunikwa.

Kutu ya juu juu huondoka kwa brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu. Lakini bisibisi ikitoboa boriti kuu ya chesisi, ishia hapo. Kiraka cha kuchomelea karibu na kikalio cha amu hupasuka pembeni ya mshono, na porini ndiko kitakakopasukia.

Hatua ya 2: Joto la injini

Hapa ndipo 1KZ-TE nyingi hufia. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kalibu, na ikichemka hupasuka. Sababu huwa ni zile zile: rejeta iliyoziba, feni ambayo klachi yake imelegea na haivuti hewa vya kutosha, au miaka ya kuongezewa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani dawa ya kupoza injini.

Fanya jaribio asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, tazama kama kuna utando wa oili, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya injini inayoingia kwenye maji. Zima, funga kifuniko, washa tena na ushike paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama mpira wa baiskeli ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, hedi imepasuka au gasketi imeungua. Fundi mwenye dawa ya bluu ya kupimia gesi kwenye rejeta atakuhakikishia kwa kuangalia ikibadilika rangi.

Gari likifaulu, bado badilisha thermostati, kifuniko cha rejeta na paipu zote, na usafishe rejeta au ununue mpya. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri. Kisha funga geji ya pili ya joto yenye king'ora, sensa yake ikiwa imekazwa kwenye chuma cha hedi. Sababu ni kwamba mshale wa dashibodi hukaa katikati hata joto likiwa linapanda, na unapoanza kusogea huenda hedi imeshaungua. Tena, sensa iliyo ndani ya maji haisomi kitu maji yakishamwagika yote, ila iliyo kwenye chuma itaendelea kusoma. Kwa pesa yake, hakuna kifaa kingine kwenye orodha hii kinacholilinda gari kiasi hiki.

Kama ni otomatiki, jua kwamba oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta. Ukuta huo ukitoboka, maji na oili huchanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, na giaboksi huharibika. Rejeta yenye umri wa gari ibadilishwe, au oili ihamishiwe kwenye kipoza chake cha pekee mbele ya rejeta.

Taimingi belti hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna karatasi ya kuthibitisha, ihesabu kuwa haijabadilishwa.

Hatua ya 3: Boljointi za chini

Boljointi ni kiungo cha duara kinachoshikanisha habu ya tairi na amu. Kwenye muundo huu uzito wa gari unaivuta boljointi ya chini itengane. Ikichakaa haiminyiki kama kwenye magari mengine. Huchomoka, tairi linalala chini ya fenda na gari linakaa kwenye lami. Huwa inatokea gari likiwa kwenye mwendo mdogo na usukani umekatwa, ila hakuna anayeweza kuahidi hivyo.

Inua gari kwa jeki, lifunge kwa stendi, ingiza mtaimbo chini ya tairi na unyanyue taratibu huku mwenzako ameshika boljointi. Mgongano wowote wa "tok" unaousikia mkononi unatosha kuihukumu. Kama historia haijulikani, badilisha zote mbili bila kubishana, pamoja na bolti zake nne kila upande. Za kushoto na kulia hazifanani. Nunua halisi za kiwandani. Kwa kipande hiki pekee, spea ya bei nafuu haifai hata kujadiliwa. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Ukiwa hapo angalia bushi (mipira ya viungo) za amu na zile zinazoshikilia stelingi boksi. Usukani unaochelewa kuitikia mara nyingi ni bushi hizo, na ni rahisi kubadilisha.

Hatua ya 4: Difu na transfa

Kabla ya kumwaga oili yoyote, fungua kwanza nati ya kujazia. Ukimwaga kisha nati ya kujazia ikagoma, umebaki na gari lisilotembea. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Jaza 75W-90 ya GL-5 kwenye difu zote mbili mpaka ichungulie kwenye tundu.

Kisha nenda barabara ya vumbi ujaribu kijiti cha transfa, giaboksi ndogo inayopeleka nguvu mbele na nyuma. H ni mwendo wa kawaida, HL ni difu ya kati imefungwa, LL ni gia ya chini nayo imefungwa. Magari yaliyoishi mjini huwa na kijiti kilichoganda kwa kutoguswa. Kipige oili kwenye viungo vyake na ukisogeze kidogo kidogo gari likiwa limesimama. Usikate kona kwenye lami ukiwa HL, kwa sababu matairi ya mbele na nyuma yanazunguka kwa kasi tofauti na mkazo wote unaishia kwenye transfa na shafti.

Hapa ndipo pa kuamua. Andika gharama ya kila kilichopatikana katika hatua hizi nne. Ikizidi nusu ya bei ambayo gari hilo lingeuzwa leo, liuze au litumie mjini, utafute jingine lenye chesisi safi. Chini ya hapo, endelea.

Hatua ya 5: Matairi na upepo

Saizi ya kiwandani kwa nyingi ni 265/70R16, yenye kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukifunga 265/75R16 unapata 804. Ekseli inapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13, na spidomita ikionyesha 100 gari litakuwa linaelekea 103. Hiyo ndiyo saizi ya kuishia. 285/75R16 ina milimita 834: inasugua fenda kwenye kona, inaipunguzia nguvu injini ambayo si ya kasi, na inaongeza kazi kwa breki na stelingi boksi. Chagua tairi la njia zote la daraja la LT (la magari madogo ya mizigo), kwa sababu kuta zake nene huvumilia mawe ya njia ya Ngaresero na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Matairi ya tope yenye meno makubwa huchimba kwenye mchanga na hupiga kelele njia nzima ya lami.

Upepo unasaidia kuliko vifaa vingi vya bei. Lami: psi 32 hadi 36 kulingana na mzigo. Rafu rodi yenye mawimbi: 26 hadi 28, usizidi kilomita 60 kwa saa. Mchanga: 16 hadi 18, mwendo wa taratibu, bila kukata kona kwa ghafla. Tairi lililolegezwa hurefuka pale linapogusa ardhi, na gari hukaa juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Udongo mweusi wa mbugani ni jambo jingine: ukilowa hujaza meno ya tairi lolote, na dawa yake halisi ni kusubiri ukauke. Beba pampu ya kujazia na geji yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Springi na shokapu

Inua kwa milimita 40, ukomo 50. Mguu wa mbele wa gari hili una shafti inayojitegemea, na ukipita hapo sivi jointi (viungo vya shafti hiyo) hufanya kazi kwa pembe kali, buti la mpira linasuguana kwenye mikunjo, linachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Mlio wa "taka-taka-taka" kwenye kona ni mwisho wa hadithi hiyo. Usitumie vipande vya kunyanyulia juu ya springi za zamani. Springi iliyochoka bado imechoka.

Kabla ya kufungua, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda kwenye pembe zote nne na uandike. Agiza springi kwa uzito halisi: za mbele zisizo na bampa la chuma ni tofauti na zenye bampa na winchi. Nati tatu juu, bolti moja chini, na mguu unatoka. Kuiminya springi kufanyike kwa mashine ya karakana, kamwe si kwa waya wala vibanio vya kuazima, kwa sababu springi iliyominywa ikifyatuka inaua.

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni hili: fundi anakaza bolti za bushi gari likiwa hewani. Mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishushwa unabaki umesokoteka mpaka unachanika ndani ya miezi michache. Zikaze kwa vidole tu, shusha gari, litikise mara kadhaa, kisha kaza kwa kipimo.

Nyuma angalia vitatu: paipu ya breki isivutike ekseli inaponing'inia, fimbo ya kushikilia ekseli pembeni, ambayo huisogeza upande mmoja gari likipanda, na vali inayogawa breki za nyuma kulingana na mzigo, kama gari lako linayo. Gari likiinuliwa, vali hiyo hudhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Mkono wake urekebishwe.

Maliza kwa alaimenti. Bolti zenye kamu kwenye amu za chini huwa zimeganda kwa kutu, kwa hiyo zimwagie oili ya kulainisha siku mbili kabla.

Hatua ya 7: Maji

Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Kwa hiyo vipumulio vya difu, transfa na giaboksi viunganishe kwa mpira mpaka juu kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya nusu siku na bei yake ni ndogo.

Snokeli, paipu inayopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi juu, haina faida kama boksi la ea klina linavuja. Baada ya kufunga, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta na uzibe mdomo wa snokeli. Injini inapaswa kuzimika au kukaribia kuzimika. Ikiendelea kunguruma vile vile, kuna mahali inavuta hewa, na hapo hapo itavuta maji. Maji hayaminyiki, yakiingia kwenye silinda, koni rodi hupinda.

Hatua ya 8: Uzito na kukwamuliwa

Bampa la chuma na winchi vinaweza kuongeza karibu kilo 100 mbele kabisa ya gari. Kwa anayeanza, pesa hiyo ifanye kazi vizuri zaidi kwenye ndoano imara zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi mbele na nyuma, kamba ya nailoni ya kukwamulia, shakeli mbili zenye kipimo, koleo, mbao mbili za kuwekea chini ya tairi na kipande cha ubao kizito cha kuwekea jeki. Vile vitanzi vyembamba vya kiwandani vilikusudiwa kufungia gari melini. Na usivute kamwe kwa tufe la chuma la kuvutia tela: likikatika, linaruka kama risasi kuelekea kwenye gari la mwenzako.

Juu ya paa weka vyepesi tu. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli karibu 17, na yote hayo yanafaa kuwa chini, nyuma ya viti.

Hatua ya 9: Majaribio

Endesha kilomita 50 za rafu rodi karibu na nyumbani. Ukisimama, gusa kila habu kwa nyuma ya mkono: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, ni beringi au breki inayoshika. Kaza upya nati za matairi, za miguu na za fimbo ya ekseli, kisha chungulia kwenye mabuti ya shafti upande wa ndani kama kuna grisi iliyorushwa. Pima tena urefu wa pembe nne. Springi mpya hushuka kidogo, na hicho kipimo cha pili ndicho cha kuandika kwenye kitabu cha gari.