Kabla hujapuliza rangi kwenye plastiki za pikipiki

Wengi huanza na rangi. Mtu anakwenda dukani, anachagua nyekundu inayong'aa, anarudi nyumbani, anaegesha pikipiki kivulini na kupuliza. Siku ya kwanza inapendeza kweli. Miezi miwili baadaye goti limeshasugua kava kila siku, petroli imeshamwagika mara mbili tatu wakati wa kujaza, na rangi inaanza kuinuka pembeni. Ukiivuta kwa ukucha inatoka kama ganda la kitunguu, na plastiki iliyo chini yake ni safi, haina hata doa. Usafi huo ndio unaokuonyesha kosa lilipo: rangi haikuwahi kushika.

Kwa hiyo kopo la rangi liwe kitu cha mwisho kununua. Kwanza fungua kava na madigadi, uzigeuze, utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta herufi ndogo zilizochomoza: ABS, au PP, ambazo ni majina ya aina mbili za plastiki. Zinakuambia unashughulika na nini. ABS ni ngumu kiasi na hupokea rangi vizuri ikisafishwa na kupigwa msasa. PP ni laini zaidi, ukiigusa ina utelezi kama wa nta, na karibu hakuna rangi inayoishika bila msaada. Kama herufi zimefutika, kwangua kichembe kwa kisu sehemu isiyoonekana, ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni na ukizamishe kwa kidole. Kikielea, ni PP au ndugu yake. ABS huzama. Mimi hufanya jaribio hili hata pale herufi zinaposomeka, maana kava nyingi zimeshabadilishwa na mwenye pikipiki hana habari.

Ukishajua ni PP, tafuta praima, yaani rangi ya msingi, ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Ile ya kawaida ya chuma haifai. Hii ya plastiki aghalabu haina rangi, hupulizwa nyembamba sana, na rangi lazima ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, umeitupa.

Usafi ndio kazi yenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka. Kuna tabia ya kufuta plastiki kwa petroli. Acha. Inabakiza mafuta, inaweza kuitia ABS nyufa ndogo ndogo, na ni hatari ya moto. Thina kali nayo inaiyeyusha ABS juu juu ikawa kama gundi. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, uingie kwenye kona na matundu ya nati. Adui mkubwa ni ile polishi ya silikoni wanayopaka wakati wa kuosha pikipiki ili plastiki ing'ae. Ikibaki, rangi itatoboka vishimo vidogo vya duara, na hakuna mkono wa pili utakaovifunika. Ndiyo maana unaosha kabla ya msasa: ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Ukimaliza, mwagia maji masafi na utazame. Yakitandaa kama karatasi moja, umefika. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, rudia kuosha.

Msasa wa maji namba 400 kisha 600 unatosha kwa plastiki iliyochakaa. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika imara, usiibandue. Itie ukungu tu kwa 800, yenyewe ni msingi mzuri kuliko utakaouweka wewe. Kwenye kona na mikunjo tumia sponji ya kijani ya kusugulia vyombo. Sehemu yoyote inayong'aa bado ndipo rangi itakapoanzia kubanduka. Baada ya hapo vaa glavu, kwa sababu vidole huacha mafuta.

Nunua praima, rangi na klia (ile angavu inayopulizwa juu ya rangi kuilinda) za aina moja, na ujaribu mgongoni mwa kava kwanza. Niliwahi kupuliza rangi mpya juu ya ya zamani bila kujaribu, ikajikunja yote kama utando wa maziwa. Nilirudi kwenye msasa siku nzima. Chukua makopo ya rangi yote siku moja, maana rangi ya kopo la wiki ijayo inaweza kutofautiana kidogo, na kwenye jua utaona.

Klia ndiyo inayopambana na petroli. Klia ya kawaida hulainika ikimwagikiwa. Yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, huvumilia. Lakini hadina hiyo ina kemikali iitwayo isosianeti, inayoweza kukuachia pumu ya maisha ukiivuta. Kitambaa puani hakizuii kitu. Unahitaji angalau barakoa yenye vichujio vya kemikali (inayoletewa hewa safi kwa bomba ni salama zaidi), mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Kama huna barakoa hiyo, mpe fundi mwenye nayo sehemu hiyo ya kazi.

Hali ya hewa nayo ipangie. Pwani wakati wa masika unyevu huingia kwenye klia ikapauka nyeupe. Jua la saa saba nalo hukausha rangi kabla haijatua, ikawa na chengachenga. Saa tatu au nne asubuhi, kivulini, pasipo upepo, chini pamemwagiwa maji kidogo kuzuia vumbi, ndiyo saa yangu.

Ukibadilisha rangi kabisa, kumbuka kadi ya usajili inataja rangi ya chombo. Ulizia utaratibu kabla, usingoje kusimamishwa barabarani.

Mwisho ni siku. Rangi iliyokauka kwa kugusa bado ni laini ndani. Hesabu angalau saa 24 kabla ya kufunga kava, na kama wiki moja kabla ya kuiosha au kuiruhusu ikutane na petroli. Kwa anayeitegemea pikipiki kwa riziki, piga rangi kava moja moja, na ukitembea bila kava funika betri kwa nailoni, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi iko hapo hapo nyuma ya kava. Unaporudisha nati, weka raba zake zote na usikaze kwa nguvu. Ufa wa kwanza wa rangi huanzia kwenye tundu la nati.