Namna ya kumpata fundi wa kuaminika wa lori la jeshi M35A2

Kulinunua lori la M35A2 mnadani nchini Marekani si kazi kubwa. Kazi ni kumpata mtu wa kulishika. Ni lori la magurudumu kumi lenye uzito wa karibu tani 6 likiwa tupu, na injini ya silinda 6 ya lita 7.8 iliyoundwa ili jeshi litie mafuta yoyote yaliyopo. Fundi wa malori ya kawaida akilitazama huona chuma kuukuu tu, kumbe ndani yake mna mambo manne au matano yasiyofanana na lori jingine alilowahi kulifungua. Fundi mwaminifu asiyeyajua mambo hayo atakuharibia lori kwa nia njema kabisa, na akifika kwenye magurudumu anaweza kupoteza maisha yake. Kwa hiyo sifa za ukarimu na bei nzuri zisikutoshe. Mpime kwa maswali, kisha kwa kazi ndogo, ndipo umwachie breki.

Kabla hujampigia mtu simu

Pakua vitabu vya jeshi vya lori hili. Kitabu cha dereva ni TM 9-2320-361-10, na cha matengenezo ni TM 9-2320-361-20. Vinapatikana bure kwa sababu ni kazi ya serikali ya Marekani. Chapisha kwenye karatasi kurasa za breki, magurudumu na vilainishi, maana skrini ya simu haidumu mikononi mwenye grisi.

Halafu piga picha vibati vyote vya chuma vilivyopigiliwa ndani ya kebini na kile cha kwenye injini. Malori mengi ya A2 yana injini ya LDT-465 yenye turbo, lakini mengine yana LD-465 isiyo na turbo. Transfa, yaani giaboksi ya pili inayogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na za nyuma, nayo ni ya aina mbili: ya zamani inayoingiza ekseli ya mbele yenyewe magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, na nyingine inayoingizwa kwa upepo kwa swichi ya dereva. Fundi anayeagiza spea bila kujua lako lina ipi atakupotezea wiki kadhaa. Spea za jeshi huagizwa kwa namba ya NSN, yaani namba rasmi ya kila kifaa katika bohari za jeshi, yenye tarakimu 13, na namba hiyo hutoka kwenye kitabu cha spea.

Pa kumtafutia

Anza na waliolitengeneza kwa kazi. Katika Jeshi la Marekani, mafundi wa magari ya magurudumu walikuwa na namba ya kazi 63B, ambayo baadaye ikawa 91B. Aliyekuwa 63B miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990 kuna uwezekano mkubwa amelala chini ya lori hili mara nyingi. Kijana wa 91B wa leo anaweza kuwa fundi hodari na bado hajawahi kuligusa, kwa hiyo muulize alihudumu miaka gani na kwenye magari gani.

Njia ya pili ni chama cha MVPA, kinachounganisha wenye magari ya kijeshi ya zamani tangu 1976 na chenye matawi majimboni. Nenda kwenye maonyesho yao, tafuta M35A2 inayotembea vizuri, na umuulize mwenye lori nani alimfanyia breki. Usiishie kuuliza fundi mzuri ni nani. Uliza kazi fulani aliifanya nani, na imekaa muda gani bila kurudi gereji.

Njia ya tatu husahaulika: gereji za mashambani, na zile zinazohudumia mabasi ya shule na magari ya zimamoto ya zamani. Wengi wao wamezoea breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, ndizo zilizomo humu, na hawaogopi gari lisilo na kompyuta. Vyeti vya malori vya ASE, taasisi ya Marekani inayopima mafundi wa magari, T2 kwa injini za dizeli na T4 kwa breki, vinaonyesha kwamba misingi anayo. Havionyeshi kwamba analijua lori lako.

Gereji za magari madogo zipite tu. Lifti zao nyingi haziwezi uzito huu, na lori halipiti mlangoni turubai ikiwa juu.

Maswali ya kumpima

Uliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza, kisha unyamaze umwache aeleze.

Kwanza: "Nati za magurudumu ya upande wa dereva zinafunguliwa kuelekea wapi?" Upande wa kushoto wa lori hili una uzi wa kushoto, kwa hiyo nati hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa, na stadi zake (boliti zinazoshika gurudumu) huwa na alama ya L. Asiyejua ataweka mashine ya upepo, atazidi kukaza, na stadi zitakatika moja baada ya nyingine. Mwendeleze: nyuma kwenye tairi dabo anakazaje gurudumu la ndani? Kila stadi ina nati mbili, ya nje ya inchi 1½ na ya ndani yenye kichwa cha pembe nne cha inchi 13/16. Ukitaka kukaza ya ndani, lazima kwanza ulegeze ya nje. Anayekaza za nje peke yake anaacha gurudumu la ndani likicheza, na hilo hula matundu ya rimu mpaka yanakuwa mviringo wa yai.

Pili: "Unatia mafuta gani ya breki?" Jeshi lilihamia DOT 5 ya silikoni tangu miaka ya 1980, na hiyo haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Jihadhari na DOT 5.1: jina linafanana, lakini hiyo ni ya jamii ya DOT 3. Mtu akiongezea ya dukani juu ya silikoni, mafuta mawili hukaa mbalimbali ndani ya mfumo, maji hujikusanya sehemu za chini, na silinda za magurudumu hushika kutu na kukwama. Jibu sahihi ni kwamba atapima kwanza kilichomo. Kipimo chenyewe ni rahisi, nawe ukifanye: inua kibati cha sakafuni upande wa dereva, fungua masta silinda, vuta mafuta kidogo kwa sindano safi, uyatie kwenye glasi yenye maji. Silikoni huelea juu na kujitenga. DOT 3 huyeyuka ikapotea majini. Ukiona yote mawili katika glasi moja, mfumo mzima uoshwe na mipira yote ibadilishwe. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi.

Suala la breki lina uzito kwa sababu ya jambo moja: mfumo una njia moja tu ya mafuta. Mpira mmoja ukipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali huzama hadi sakafuni na breki za ekseli zote tatu hupotea kwa pamoja. Kinachobaki ni breki ya mkono, ambayo hushika shafti nyuma ya transfa. Fundi ambaye hakuambii hili mwenyewe ukitaja breki hajawahi kuufikiria mfumo huu.

Tatu: "Tairi unajazia wapi?" Rimu za asili za inchi 20 hushikwa na ringi ya chuma. Ringi isiyokaa sawasawa huruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Kanuni ya usalama kazini ya Marekani, OSHA 1910.177, inataka mfanyakazi aliyefunzwa, kizimba cha chuma, na mpira mrefu wa upepo wenye kishikio cha kujibana kwenye vali ili mtu asimame pembeni. Inakataza pia kugonga ringi kwa nyundo ikiwa na upepo. Fundi mzuri hutoa sindano ya vali, tairi ikaisha upepo kabisa, kabla hajagusa nati ya gurudumu. Ukienda gerejini, omba kuona kizimba. Kama hakipo na anasema tairi hujazwa hapo chini, mshukuru uondoke.

Nne: "Oili ikipanda kwenye kipimo, tatizo liko wapi?" Kwenye injini hii sili za kichwa cha pampu ya dizeli huchoka, dizeli ikapenya hadi kwenye oili. Kipimo hupanda badala ya kushuka, oili huwa nyepesi na kunuka dizeli, na beringi za krenki huanza kuliwa. Anayejibu "tutabadilisha oili" ameshughulikia dalili. Anayejibu "pampu ishushwe ipelekwe kwa wataalamu wa pampu" ndiye wako, maana pampu hii haifunguliwi juu ya benchi la gereji ya kawaida.

Tano ni fupi: umeme ni volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Anayependekeza kuligeuza lote liwe la volti 12 ili "kurahisisha" hana sababu ya kufungua waya zako.

Bei na kazi ya kwanza

Gereji nyingi hukadiria kazi kwa kitabu cha saa za ufundi, na vitabu hivyo vya kiraia havina M35A2. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Dramu za breki ziko upande wa ndani wa habu (kitovu cha gurudumu), si nje. Ili kuona viatu vya breki vya gurudumu moja, fundi anatoa shafti ya ekseli, anafungua nati za spindo kwa soketi kubwa ya inchi 3, anatoa beringi na kuvuta habu nzima, na sili anazorudishia ziwe mpya. Aliyekutajia bei ya breki kama ya pikapu hajui anachokwenda kukutana nacho, na atakapokutana nacho bei itapanda au kazi itarukwa.

Kubalianeni kwa hatua, kwa maandishi: saa kadhaa za kufungua na kukagua, kikomo cha fedha, na sharti la kukupigia simu kabla ya kukivuka. California inamlazimisha fundi kwa sheria atoe makadirio ya maandishi. Kwingineko yadai mwenyewe. Sema mapema kwamba spea zote za zamani unazichukua.

Kazi ya kwanza iwe ya kumsoma: abadilishe oili ya injini, karibu lita 21, pamoja na filta zake, apime oili ya difu zote tatu, giaboksi na transfa, amwage maji kwenye matangi ya upepo na filta za dizeli, avue habu moja ya nyuma na kukuonyesha sili. Piga picha kabla na baada. Je, kitabu cha jeshi (TM) kilikuwa kimefunguliwa karibu naye? Alikuambia tatizo ambalo hukuliuliza, akakuonyesha kwa kidole? Alikanyaga mafuta hadi mwisho injini ikiwa bado baridi? Hilo la mwisho linatosha kumwacha.

Unapolichukua, washa hadi gavana (kidhibiti cha pampu ya upepo) ikate upepo, karibu 120 psi, kisha zima na usikilize kwa utulivu. Sindano ya geji ya upepo isishuke huku unaiangalia. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, lori lisitoke hapo. Magurudumu yaliyofunguliwa yakazwe tena kwa spana ya toki baada ya maili 50 hadi 100, za ndani kwanza kisha za nje, kwa kipimo cha kitabu.

Usipompata mtu mmoja

Maeneo mengi hayana fundi anayeyajua yote haya, na si lazima awepo. Gawanya kazi: magurudumu yaende duka la tairi za malori lenye kizimba, pampu kwa wataalamu wa pampu, breki kwa fundi wa mabasi aliyekubali kufuata TM ukurasa kwa ukurasa. Grisi, maji ya matangi ya upepo na ukaguzi wa kila wiki vibaki kwako, na kila mmoja wao umpe nakala ya kurasa zinazomhusu siku unapomwachia funguo za geti, maana lori lenyewe huwashwa kwa swichi, halina ufunguo.